Kufuli la Zefania

Kufuli la mume wangu haliamki kwa ncha za vidole. Lazima ulishike kwa kiganja kizima, ulipe joto, usubiri. Linatetema kidogo, halafu Zefania anakohoa, maana asubuhi aliyolifunga alikuwa na mafua, kisha anauliza:

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani? Kila mtu ni mimi."

"Tabea, mkeo. Au unaye mwingine?"

Hapo hucheka. Kicheko chake kilianzia puani siku zote, na kufuli limekinasa vilevile.

"Umefuata nini huku chini? Zamu yako si ya mchana?"

"Nimetumwa nikuulize kama tufungue."

"Mimi niko wapi?"

Makufuli yote ya Kituo cha Mgela huuliza swali hilo. Jibu lake linatakiwa liwe la kweli kuliko kiapo cha mahakamani, na mafundi tunalijibu tukiwa tumesimama wima, hata mlevi.

"Uko ndani," nilimwambia. "Uko chini ya gurudumu, unabadilisha pedi za breki."

"Basi sifungui."

"Usifungue."

"Sawa." Akakohoa tena. "Leo unapika nini?"

Siku hiyo nilimpikia ugali wa uwele, mlenda na kipande cha nyama. Aliniuliza kama nimetia karanga, nikamwambia nimetia, akaniuliza kama ni zile za mama yake au za dukani, nikamwambia acha maneno mengi, fanya kazi, chakula kitapoa. Akasema anamaliza sasa hivi anakuja. Akasema nisimwachie Gunda nyama yake. Taa ndogo ya kufuli ikageuka rangi ya njano, dalili kwamba betri imechoka, nami nikatoa mkono.

Nikilishika tena kesho, atakohoa kikohozi kilekile na kuuliza nani, kana kwamba sijawahi kufika. Makufuli yetu hayana kumbukumbu ya aliyekuja jana. Yalitengenezwa yadumu zamu moja tu. Nani angewaza kwamba moja litakaa limefungwa misimu miwili ya mvua?

Zefania alikufa siku ileile aliyolifunga. Mchana alipanda juu kuja kula nyumbani, akaliacha kufuli mahali pake kwa kuwa pedi alikuwa amekwisha kuzitia lakini hazijakaguliwa, kama kanuni inavyotaka. Nje ya lango, lori la alizeti lilimpindukia. Uso wake niliufuta mimi, mbegu zilikuwa zimeingia hadi masikioni. Kaburi alichimba Gunda, mdogo wake.

Kwa hiyo hakuwa ndani. Nilijua hivyo kuliko mtu yeyote duniani, na bado nilishuka kila nilipopata upenyo, nikamwambia yuko ndani.

*

Mgela ilikuwa na machimbo ya dhahabu zamani. Dhahabu ilipokwisha yalibaki mashimo, na katika mashimo matatu tumening'iniza mawe. Tunayaita mawe, lakini ni zege na chuma chakavu, kila moja kubwa kama kanisa. Upepo wa nyanda za juu ukivuma, mitambo huyapandisha juu. Upepo ukilala, mawe hushuka polepole na kuzungusha majenereta, mji unapata taa, pampu zinapandisha maji, hospitali inafanya kazi.

Ubaya wa jiwe ni kwamba hulizimi. Mashine nyingine ukikata umeme imekufa. Jiwe ukilikatia umeme bado linataka kwenda chini, litataka leo, litataka kesho, na aliyetia mkono wake kwenye meno ya gurudumu ndiye atakayekumbushwa. Ndiyo maana kanuni yetu ni fupi na hata watoto wetu wanaijua: zima, sukuma komeo la chuma kwenye meno, tia kufuli lako mwenyewe, jaribu kuwasha uone kama kweli haiwaki, ndipo uingie. Na kufuli hulitoa wewe uliyelitia. Si bosi, si rafiki, si mtu mwenye haraka.

Lakini watu wenye haraka hawaishi. Kabla sijaajiriwa, watu waligombana kama fundi mmoja yuko ndani au katoka, na mkuu akaamuru kufuli likatwe kwa msumeno akiamini mwenyewe amekwenda nyumbani. Mwenyewe alikuwa bado ndani, amepiga magoti, anatafuta spana. Baada ya hapo yakaletwa makufuli ya vivuli. Unapolifunga, linachukua sauti yako na akili yako ya kazi kama ilivyo dakika ile, linakaa nayo. Wakikukosa, wanakiuliza kivuli chako. Kivuli kinapima maneno kama ambavyo ungepima wewe, na kikiridhika kwamba uko nje, kinafungua na kufutika. Wanaoweza kukiamsha ni wawili tu, uliowachagua mwenyewe. Zefania alituchagua mimi na Gunda. Mazungumzo hayarekodiwi, maana mafundi waligoma mpaka jambo hilo likaandikwa kwenye sheria.

Waliotunga sheria hiyo walikuwa werevu. Walifikiria kila aina ya mtu atakayedanganya ili kufuli lifunguke. Hakuna aliyemfikiria mtu atakayedanganya ili lisifunguke.

Nami nilijitetea hivi. Jiwe lililofungwa halimwui mtu. Mimi namnyima nani nini? Upepo ulikuwa mwingi, Jiwe la Kwanza na la Tatu yalitosha, na Bi Njou, mkuu wa kituo, aliponiuliza nilimjibu kwa macho makavu: "Amekataa." Akaheshimu. Kila mtu Mgela huheshimu kufuli likikataa.

*

Kisha upepo ukalala, ukalala kabisa. Mapanga ya mitambo kule mlimani yalisimama, na mawe mawili yakawa yanabeba mji mzima.

Bi Njou alituita mafundi asubuhi, akatuonyesha kipande cha pedi kutoka Jiwe la Kwanza. Kilikuwa kimeungua mpaka kimekuwa cheusi.

"Breki inateleza," alisema. "Tukisimamisha jiwe tukalifunga, ni kazi ya nusu siku. Lakini tukilisimamisha, hospitali inakosa umeme. Kuna watu mle wako kwenye mashine za figo, kuna watoto njiti. Jiwe la Tatu peke yake haliwezi."

"Na la Pili?" aliuliza mtu mgeni nyuma.

Watu wakamgeukia kama aliyetukana. Jiwe la Pili lilikuwa la Zefania.

"Marehemu amekataa," Gunda alimwambia kwa upole. Kisha akamgeukia mkuu. "Bi Njou, mimi naingia. Lishushwe taratibu, nitabadilisha pedi likiwa linatembea. Pedi moja moja."

"Bila kufuli?"

"Nitafungia nini, mama? Gurudumu linazunguka."

Bi Njou alikataa mara mbili. Simu kutoka wilayani ikalia, akaenda kuisikiliza pembeni, na aliporudi hakukataa tena. Alinitazama mimi. "Tabea, mwanangu. Jaribu kumwuliza mara moja tu tena. Mwambie hali ilivyo. Labda atakuelewa."

Niliitikia kwa kichwa.

Gunda alinifuata hadi kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Ni kijana mrefu, mpole, ana mabega ya kaka yake, na tangu msiba huja kwangu kila Jumapili na kilo ya nyama asiyotaka kuila.

"Shemeji, usimlazimishe," alisema. "Kaka akikataa ana sababu yake. Labda komeo lina kasoro tusiyoiona. Mimi sina kinyongo."

"Hujawahi kutaka kulishika mwenyewe?"

Akajishughulisha na mkanda wake. "Nilitaka. Nilitaka sana. Lakini wewe ndiye mkewe, nikaona si adabu kuingilia. Na nikahofia, akiisikia sauti yangu, anaweza kunifungulia kwa kunihurumia tu. Sikutaka kumharibia kazi."

Nilitamani anitukane. Kijana huyo alikuwa anakwenda kuingiza mikono kwenye meno yanayozunguka, kwa sababu tu alikuwa ameamini kaka yake kasema hapana. Na kaka yake hakuwahi kusema hapana. Mimi ndiye niliyesema.

*

Kizimba, lifti yetu ya shimoni, kilinishusha. Nililishika kufuli kwa mikono miwili.

"Nani?"

"Tabea."

"Tabea, umefuata nini huku chini? Zamu yako si..."

"Zefania, niulize swali."

"Mimi niko wapi?"

"Uko nyumbani kwa baba yako, nyuma ya zizi. Umezikwa, mume wangu."

Taa ya kufuli haikubadilika. Nilihesabu pumzi zangu mwenyewe kwa kuwa yeye hakuwa nazo.

"Ni hili jiwe?" aliuliza hatimaye. "Kuna mwingine aliyeumia?"

Huyo ndiye niliyeolewa naye. Unampa habari ya kifo chake, anauliza kuhusu wenzake.

"Hapana. Lilikuwa lori, barabarani. Ulikuwa unakuja kula."

"Aa." Kisha, "Lini?"

"Mvua mbili zimepita."

"Mvua mbili, na kufuli langu bado liko hapa?" Sauti yake ya kazi ikarudi, ile ya fundi anayetafuta hitilafu. "Mbona? Gunda hakuja kusema? Wewe hukuja?"

Ningeweza kumwambia kwamba hakuna aliyehitaji jiwe. Ningeweza kumwambia jambo lolote. Lakini nilikuwa nimechoka, na nilitamani ajue. Nilitaka mtu mmoja duniani ajue nilivyokuwa ninaishi, na mtu niliyemtaka ni yeye.

"Nilikuja," nikasema. "Nilikuja kila mara. Nilikuambia uko ndani."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ukifungua, unafutika. Na ukiwa humu unaniuliza nimepika nini."

Nikasikia kile kicheko cha puani, kidogo tu. "Na nilikuwa nashiba?"

"Ulikuwa unasema unakuja."

Nililia pale nimekikumbatia kile chuma, sikuona aibu. Nikamweleza habari ya upepo, ya hospitali, ya breki, ya Gunda. Nikamwambia fungua, Zefania, nimekwisha kukuambia ukweli, fungua.

"Siwezi," alisema.

"Nini?"

"Siwezi kufungua kwa neno lako. Umenidanganya nisifungue. Nitajuaje leo hunidanganyi nifungue? Nikikosea, Tabea, ni mimi niliye pale chini ya meno. Au ni mtu mwingine aliyeingia baada yangu."

"Mimi ni mkeo!"

"Ningekuwa nje ningekusamehe kabla hujamaliza kusema. Lakini mimi ni kufuli. Kufuli likianza kuhurumia watu, halina maana kuwekwa." Sauti yake ilikuwa laini kabisa. "Mlete Gunda. Yeye hajawahi kunidanganya."

Taa ikageuka njano.

"Toa mkono," alisema.

"Nikitoa utasahau. Hutajua kama nilikuja kukuambia."

"Wewe utajua. Toa mkono, mama. Betri ni ya kazi."

Nikautoa.

Nawaambia kweli, shetani alikuwa amekaa pale kwenye komeo akinisubiri. Kwa maana Zefania alikuwa amesahau. Ningelishika tena, angekohoa, angeuliza nani, na safari hii ningesema habari ya lori bila kugusa habari ya uongo wangu. Angekuwa na shahidi safi. Angefungua, Gunda asingejua, Bi Njou asingejua. Kazi ingekwisha na heshima yangu ingebaki.

Niliunyoosha mkono, nusura niliguse, nikajijua. Nilijua angeniuliza leo unapika nini, na nilikuwa nimekwisha kuanza kuwaza kisamvu. Mdomo wangu haukuwa wa kuaminiwa tena mbele ya kufuli lile, na yeye aliligundua hilo katika mazungumzo ya mara moja, mimi imenichukua mvua mbili.

Nikapanda kizimbani kwenda juu.

*

Gunda alikuwa amekwisha kuvaa kofia. Nilimwambia pale pale, nimesimama, mbele ya milango ya kizimba cha Jiwe la Kwanza.

Kwanza hakuelewa. "Lakini ulisema kaka amekataa."

"Alikataa kwa kuwa nilimwambia yuko ndani."

"Anaongea kama zamani?" Hilo ndilo alilouliza. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, na yeye aliuliza kama mtu aliyesikia kwamba nyumbani kwao kuna mgeni. "Ameongea na wewe, muda wote huu? Kwa sauti yake?"

"Kwa sauti yake."

Akavua kofia, akakaa juu ya sanduku la vifaa. "Mimi nilikuwa napita mbele ya lile kufuli nimeinamisha kichwa," alisema. "Nasema kimoyomoyo, shikamoo kaka. Wewe ulikuwa unaongea naye." Akayafuta macho kwa mkono wenye grisi. "Ulikuwa unakula peke yako, shemeji."

Bi Njou alikuwa amesikia kila kitu. Alitazama saa, akatazama mlango wa hospitali ng'ambo ya bonde, akasema habari yangu itasubiri, kwanza tushuke.

Tulishuka wawili, na Gunda akalizunguka gurudumu zima akikagua pedi moja moja.

Komeo linapotoka, kamba za chuma hutikisika, na ikitokea moja ikakatika inachapa mpaka ukutani. Kwa hiyo kuna mstari mwekundu sakafuni, na anayebaki mbele yake ni mwenye kulishika kufuli tu, ndani ya kibanda chake cha vyuma. Na shahidi akishaanza kusema, mtu wa pili haruhusiwi kutia neno. Kufuli likisikia sauti mbili linajifunga mpaka kesho yake, maana sauti mbili ni ugomvi, na ugomvi ndio uliomwua yule wa spana.

Gunda akaingia kibandani, akalishika.

Kikohozi. "Nani?"

"Gunda."

"Gunda yupi? Yule mwizi wa nyama?"

Mabega ya Gunda yakatikisika. "Huyohuyo. Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mbona sauti nzito? Nimekuambukiza mafua?"

"Niulize swali, kaka."

"Mimi niko wapi?"

Gunda alisema yote, vizuri, bila kuruka. Lori, kaburi nyuma ya zizi, hospitali inayosubiri umeme. Alisema jembe alilishika yeye, na udongo wa kwanza aliutupa yeye, na mkewe Tabea aliuona uso wake. Aliulizwa kama kuna mwingine aliyeumia, akasema hapana. Akaulizwa nani yuko ndani ya gurudumu sasa, akasema amekagua kwa tochi na kwa mkono, hakuna mtu.

"Na Tabea yuko wapi?"

"Yuko hapa."

"Hapa wapi?"

Gunda akageuka. Nilikuwa nimesogea. Sijui nilisogea lini, lakini nilikuwa nimeuvuka mstari na kushika vyuma vya kibanda, kwa sababu sauti yake hata ikiwa karibu ni ndogo, na nilikuwa sitaki kukosa neno. Jina langu lilikuwa mdomoni mwake. Kama ningefungua kinywa, hata niseme abee tu, kufuli lingejifunga mpaka kesho. Mpaka kesho angekuwepo.

Gunda alinitazama na sikuona hasira usoni mwake. Angeweza kumwambia kaka yake kwamba niko nyuma, kazi iishe. Hakusema hivyo.

"Amevuka mstari," alisema.

"Mwambie arudi. Sifungui mtu akiwa hapo."

"Amekusikia."

"Amerudi?"

"Bado."

"Basi tunamsubiri," alisema Zefania, akakohoa. Hakuwa na haraka. Hakuwahi kunifanyia haraka hata siku moja.

Nilikibana kinywa kwa mkono. Nikarudi nyuma hatua moja, na sauti yake ikapungua. Nikarudi nyingine, nikaupita mstari, mgongo ukagusa ukuta wa mwamba. Kutoka pale nilisikia kwamba wanaongea, lakini nilikuwa sipati maneno.

Gunda akainua dole gumba kunionyesha, akasema kitu. Zefania akamjibu, kirefu kidogo. Gunda akacheka huku machozi yanamtoka, akaitikia kwa kichwa mara nyingi. Kisha kufuli likafunguka, na taa yake ikazimika.

Komeo likatoka kwenye meno kwa kishindo, kamba zikatikisika, zikatulia, na Jiwe la Pili likaanza kushuka. Redio ikaita kutoka juu: Bi Njou alisema umeme umepokewa, Jiwe la Kwanza linasimamishwa.

Gunda alitoka kibandani na kufuli mkononi. Alinipa. Lilikuwa bado na joto, na nilijua ni la kiganja chake. Nilitamani mno kumwuliza kaka yake amemwambia nini mwishoni. Sikumwuliza. Alikuwa na neno hilo moja tu, na mimi nilikuwa nimekula mengi.

Akachomoa kufuli lake mwenyewe kiunoni, akaenda kulifunga Jiwe la Kwanza.